Klabu ya habari kwa vijana wa Mtwara na Lindi: mwongozo kamili, kutoka daftari tupu hadi gazeti la ukutani

Kijana akisikia atafundishwa uandishi wa habari, kwanza hutoa simu, ananyoosha shati na kusimama mbele ya kamera. Mwache afurahi siku hiyo moja, kisha simu ikae mfukoni kwa wiki nne. Habari nyingi huharibika kabla kamera haijawashwa: jina limeandikwa vibaya, tarakimu imesikika nusu, aliyehadithiwa ameandikwa kana kwamba alikuwepo. Hayo hayarekebishiki kwa kuhariri video.

Mwongozo huu ni wa mwalimu, kiongozi wa vijana, au kijana mwenyewe mwenye miaka 14 na kuendelea. Unachukua Jumamosi sita, saa mbili kila mara. Mwishoni kuna gazeti la ukutani lenye habari tano na taarifa ya sauti ya dakika tatu. Kundi lisizidi vijana 15. Wakizidi hapo, watano watafanya kazi na waliobaki watakuwa watazamaji.

Ruhusa, vifaa na mipaka

Anza na karatasi ya ruhusa. Shuleni mwombe mkuu wa shule, mtaani au kijijini mwone mwenyekiti au mtendaji. Barua iwe ya nusu ukurasa: ni akina nani, watazunguka wapi, siku gani, na kazi itabandikwa wapi. Kila kijana aliye chini ya miaka 18 alete pia kibali cha mzazi au mlezi.

Vifaa ni vichache. Kila kijana awe na daftari dogo la kushikika kwa mkono mmoja, kalamu mbili na penseli. Penseli ni ya lazima huku pwani, maana karatasi ikipata unyevu au maji ya samaki, kalamu ya wino hugoma. Kundi zima linahitaji simu mbili zinazorekodi sauti, karatasi nne za manila, makapeni nyeusi na nyekundu, rula na gundi.

Mipaka ielezwe siku ya kwanza. Klabu ni ya mazoezi, wala haimpi mtu kitambulisho cha mwandishi wa habari. Kazi hiyo kitaaluma inasimamiwa na Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 na inahitaji ithibati. Vilevile, kufungua chaneli ya habari mtandaoni kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), hata kama mwenye chaneli ni mwanafunzi mwenye simu moja iliyopasuka kioo. Ndiyo maana tunaanza na ukuta. Vijana wasipige picha kambi za jeshi, vituo vya polisi, bandari wala mitambo ya gesi, na hospitalini wasiingie na kamera bila ruhusa ya uongozi.

Jumamosi ya kwanza: kuona na kuhesabu

Wapeleke mahali penye shughuli. Mtwara mjini soko la samaki la Feri linafaa, au gati la kivuko cha kwenda Msangamkuu. Lindi mjini kuna kivuko cha kwenda Kitunda. Vijijini ghala la AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, wakati wa msimu wa korosho linatosha kabisa. Wakae dakika 30 bila kuuliza mtu swali, kila mmoja aandike vitu 20 alivyoviona.

Kuna sharti moja: maneno kama "wengi", "kubwa", "mbaya" na "ya kusikitisha" hayaruhusiwi. "Samaki wengi" inafutwa, "ndoo saba za dagaa" inabaki. "Foleni ndefu" inafutwa. Walikuwa watu wangapi, na wa mwisho alisimama wapi? Wengi watafika kitu cha nane na kukwama. Usiwaokoe. Kuanzia hapo ndipo jicho linaanza kazi, na kijana anagundua kwamba mizani ya muuzaji mmoja ina kioo kilichofunikwa kwa gundi ya karatasi.

Mkirudi, fundisha alama tatu za pembeni mwa daftari, nazo watazitumia hadi mwisho wa kozi. J ni jicho: nimeona mwenyewe. S ni sikio: nimeambiwa, na jina la aliyeniambia liko hapa. D ni dhana: nafikiri hivyo. Kila mstari upate herufi yake. Muuzaji akisema "leo boti hazikutoka kwa sababu ya upepo wa kusi", mstari huo ni S. Kijana akiona boti zimefungwa, hiyo ni J, lakini sababu bado ni S. Makosa mengi ya magazeti makubwa ni S iliyovaa nguo za J.

Jumamosi ya pili: mahojiano

Kabla ya swali kuna adabu, na adabu hapa ni sehemu ya ufundi. Mkubwa anaamkiwa shikamoo, anaitwa mzee, mama, babu au bibi kadiri ya umri wake, kisha kijana anajitambulisha: jina, klabu, anauliza kuhusu nini, na majibu yatabandikwa wapi. Hilo la mwisho ndilo vijana hulisahau. Mtu aliyezungumza akidhani ni maongezi tu ana haki ya kukasirika akijikuta ukutani.

Saa nayo ina maana yake. Mvuvi anayepakua samaki hajibu, anafukuza. Subiri amalize kuuza. Ijumaa mchana karibu na swala usigonge mlango wa mtu. Na wakati wa jando na unyago, sherehe ya nje unaweza kuiandika kama watu walivyoiona barabarani, lakini yanayofundishwa ndani hayaulizwi, hayarekodiwi wala hayaandikwi.

Andaa maswali matano, si kumi na tano. Yasijibike kwa "ndiyo" au "hapana". "Je, maji yanasumbua?" itakupa "sana", basi. "Mara ya mwisho maji yalitoka siku gani? Tangu hapo mnachota wapi? Ndoo moja mnalipa shilingi ngapi?" itakupa habari. Swali gumu liweke karibu na mwisho, baada ya mtu kukuzoea. Halafu ufunge kwa mawili: "Kuna jambo sijakuuliza?" na "Nani mwingine analijua hili vizuri kuliko sisi?"

Swali lililo bora kuliko yote ni fupi: "Umejuaje?" Liulizwe kwa upole, bila kukunja uso. Anayejibu "nilikuwepo" anaelezea alisimama wapi. Anayejibu "watu wanasema" amekupa dokezo la kufuatilia, hajakupa habari.

Kabla ya kuondoka, kijana aandike majina matatu ya mhojiwa kwa herufi kubwa, amsomee na kumwonyesha daftari. L na R huku zinabadilishana kirahisi mdomoni, na anayeitwa Mchilo akiandikwa Mchiro ataishi na kosa lako. Majina ya mahali yana mtego wake pia. Nanyamba ni halmashauri ya mji, Nanyumbu ni wilaya ambayo makao yake makuu yako Mangaka. Herufi mbili tu zinakuhamisha kilomita nyingi. Mtama wa Lindi nao ukiuandika kwa herufi ndogo unakuwa nafaka.

Mhojiwa akizungumza Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua, na kijana anakielewa, mahojiano yaendelee hivyo hivyo. Maneno mazito yaandikwe kama yalivyotamkwa, tafsiri pembeni. Katika habari tumia usemi wa taarifa ("amesema kisima kilichimbwa na baba yake"), usimwekee ndani ya alama za kunukuu Kiswahili ambacho hakukisema.

Jumamosi ya tatu: tarakimu

Hapa vijana huogopa, na hapa ndipo mwandishi wa kusini anapoonekana kama anaijua kazi. Korosho ndiyo darasa lenyewe.

Msimu wa mauzo huanza Oktoba. Mkulima anapeleka korosho ghafi chama cha msingi, zinapimwa, zinapangwa daraja, zinakwenda ghala kuu, kisha zinauzwa mnadani chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani kupitia vyama vikuu vya ushirika kama TANECU, MAMCU, RUNALI na Lindi Mwambao. Bei inayotangazwa mnadani ni ya kilo, na si pesa yote inayofika mkononi. Kuna makato. Mwandishi anayeandika bei ya mnada kana kwamba ndiyo malipo ya mkulima ameudanganya umma bila kukusudia.

Wape hesabu ya kubuni. Mkulima amepeleka kilo 480, bei ya mnada ni shilingi 3,000, makato ni shilingi 270 kwa kilo. Kabla ya makato ni 1,440,000. Makato yote ni 129,600. Anabaki na 1,310,400. Sasa kila mmoja aandike maswali matatu yanayotoka hapo. Makato hayo ni ya nini, kimojakimoja? Yaliamuliwa na nani? Pesa imeingia benki siku ngapi baada ya mnada? Maswali hayo matatu yana habari kuliko hotuba nzima ya ufunguzi wa msimu.

Pima kwa kilo. "Gunia" si kipimo mpaka ujue lina kilo ngapi, na ununuzi wa kangomba, yaani wa walanguzi nje ya chama cha msingi, hutumia vipimo visivyo rasmi.

Asilimia nazo zina ujanja. Bei ikipanda kutoka 2,000 hadi 2,500, imepanda kwa asilimia 25. Ikishuka kutoka 2,500 kurudi 2,000, imeshuka kwa asilimia 20, ingawa shilingi ni zilezile 500. Unagawanya kwa namba ya kuanzia.

Tarakimu za ofisini ziombwe kwa barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa mamlaka za umma na kujibiwa ndani ya siku 30. Kwa hiyo barua ipelekwe mwanzoni mwa wiki ya kwanza, nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa. Mkisubiri hadi wiki ya sita, mtaandika "hakupatikana" wakati ninyi ndio mlichelewa.

Jumamosi ya nne: kuandika

Tuchukue mfano wa kubuni. Shule fulani ya sekondari imepanda mikorosho mwezi Juni na mgeni rasmi amehutubia. Kijana ataandika hivi, kwa sababu ndivyo anavyosikia kila siku:

"Mgeni rasmi amewataka wanafunzi kutunza mazingira kwani mazingira ni uhai. Ameyasema hayo juzi wakati akizungumza katika hafla fupi ya upandaji miti iliyofanyika shuleni hapo na kuhudhuriwa na viongozi mbalimbali."

Maneno 29, na hakuna habari hata moja. Angeweza kuyaandika nyumbani bila kufika shuleni. Sasa fungua daftari lake utafute mistari yenye alama ya J: miche 120, bomba liko hatua 300 hivi, hakuna orodha ya zamu ubaoni. Mistari ya S: bwana shamba amesema kila mche upate lita tano mara mbili kwa wiki, mwalimu wa mazingira amesema zamu itapangwa. Piga hesabu: 120 mara tano ni lita 600, yaani ndoo 30 za lita 20 kila zamu. Ongeza jambo ambalo kila mtu wa kusini analijua: masika yameisha Mei, mvua zinarudi Novemba au Desemba. Andika upya:

"Miche 120 ya mikorosho iliyopandwa shuleni Jumatano inahitaji ndoo 30 za maji kila inapomwagiliwa, mara mbili kwa wiki, lakini bado hakuna aliyepangwa kuyachota. Mwalimu wa mazingira amesema zamu itatangazwa wiki ijayo."

Mgeni rasmi anaingia aya ya nne, kwa sentensi moja. Hata hivyo habari haimshambulii mtu. Mwalimu ameulizwa na jibu lake limewekwa juu kabisa, si kufichwa chini.

Kanuni za kuandika ni chache. Jambo jipya zaidi na linalowagusa wasomaji liende juu. Aya moja, wazo moja. Sentensi isizidi maneno 25. Nani, nini, wapi, lini, kwa nini na vipi vijibiwe ndani ya aya tatu za mwanzo, bila kuvibana vyote katika sentensi ya kwanza. "Juzi" na "hivi karibuni" zifutwe, iwekwe siku. "Wananchi wameiomba serikali" isitumike kabla ya kutaja ni wananchi wangapi uliozungumza nao. Mara nyingi watakuwa wawili, mmoja wao ni shangazi. Habari ya ukutani iwe maneno 120 hadi 250.

Kichwa cha habari kiandikwe mwisho, kiwe na kitenzi, kisiahidi kisichomo ndani. "Miche 120, mchotaji hajulikani" kinatosha. "Kashfa nzito shuleni" ni uongo.

Jumamosi ya tano: sauti, picha na uvumi

Sasa simu zirudi. Adui wa kwanza wa sauti pwani ni upepo. Mgeuze mhojiwa ili upepo umpige mgongoni, wewe simama mbele yake ili mwili wake uikinge simu, na funika kipaza sauti cha simu kwa soksi safi. Simu ishikwe shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, isielekee mbele moja kwa moja, la sivyo kila P na B italipuka. Weka simu katika hali ya ndege ili isiite katikati. Chini ya bati mvua ikianza, acheni. Hakuna programu itakayoiondoa. Rekodi sekunde 10 za majaribio, sikiliza kwa spika za masikioni, ndipo uanze. Ukimaliza, rekodi sekunde 30 za mahali penyewe bila maneno: mawimbi, mizani, mashine ya barafu. Zitasaidia kuunganisha vipande.

Kusoma kwa sauti, maneno 120 hivi hujaza dakika moja. Taarifa ya dakika tatu basi ni maneno 350, na kila msomaji apimwe kwa saa, kwani wapo wanaokimbia kama kondakta wa Masasi.

Picha: tatu kwa kila habari, yaani ya mbali inayoonyesha mahali, ya kati inayoonyesha mtu na kazi yake, na ya karibu inayoonyesha mikono au kitu. Usimpige picha mtoto aliyefanyiwa ukatili, wala usitaje jina lake, shule yake, mtaa wake au jina la mzazi wake. Kuficha macho kwa mstari mweusi hakutoshi. Sare na mlango wa nyumba vinamtaja.

Uvumi unahitaji saa nzima. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipokaribia, Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ilitoa tahadhari kwa Mtwara na watu wakahamishwa. Tarehe 25 kikatua kaskazini mwa Msumbiji, Cabo Delgado. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mafuriko Kilwa na barabara ya kwenda Dar es Salaam ikakatika. Kimbunga kingine kikitajwa, picha na jumbe za zamani hufufuka kwenye makundi ya WhatsApp. Kijana afanye mambo manne kabla ya kuamini: atafute tarehe ndani ya ujumbe wenyewe, aende kwenye kurasa rasmi za TMA kuona kama tahadhari ipo, aipitishe picha kwenye Google Lens (zana ya kutafuta kwa picha) aone kama iliwahi kuwekwa mtandaoni zamani, na ampigie mtu aliyepo eneo husika. Asiyejua tarehe ya picha haibandiki, hata ikiwa kweli ni ya huko.

Jumamosi ya sita: kuhariri na kubandika

Kila habari ipewe mhakiki ambaye hakuiandika. Kwa kalamu nyekundu apige mstari chini ya kila jina, cheo, tarakimu, tarehe na nukuu. Mwandishi afungue daftari na kuonyesha kila kimoja kilipotoka. Kisichoonekana kinafutwa, bila mjadala na bila kununa. Habari ya maneno 200 huwa na mistari 15 hivi, na mara ya kwanza minne au mitano huanguka. Hiyo ni kawaida.

Kama kuna mtu anayelaumiwa ndani ya habari, lazima awe ameulizwa na kupewa muda wa kutosha kujibu. Dakika tano kabla ya kubandika si muda. Na yeyote anayeandikwa akitoa bahasha, soda ya kundi zima au "nauli", irudishwe kwa heshima pale pale, mbele ya mwenzake. Mshiko ukishapokelewa, hata habari ya kweli itaonekana imenunuliwa.

Kwa gazeti, unganisha manila mbili. Vichwa vya habari viwe na herufi za sentimita nne, visomeke kutoka hatua tatu, maandishi ya ndani sentimita moja. Safu mbili, si nne. Libandike chini ya paa, maana umande wa bahari huvimbisha karatasi kwa usiku mmoja, na mahali watu wanaposubiri: foleni ya chakula, bombani, nje ya ofisi ya kijiji. Likae wiki mbili.

Chini kulia acha kisanduku cha upana wa kiganja chenye kichwa "Masahihisho". Kosa likigundulika, msifute kimyakimya. Andikeni: "Toleo lililopita tuliandika miche 150. Ni 120." Tarehe, basi. Madaftari yakusanywe, yaandikwe majina na tarehe juu ya jalada, na yafungiwe kabatini angalau mwaka mmoja. Siku mtu atakapokuja kusema hakusema hivyo, mtafungua ukurasa wenyewe naye akiwepo.